Fremu za chuma na gesi ya MIG: nilichojifunza kwa kukata viungo

Kila anayenunua mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya unaosukumwa na mashine huku gesi ikiufunika mshono, kwa kazi ya fremu za chuma huja na swali lilelile: nichukue CO2 tupu au mchanganyiko wa arigoni? Mara nyingi ameshapewa majibu mawili yanayopingana. Fundi mmoja amemwambia CO2 ndiyo inayoshika, mwingine kamwambia mchanganyiko ndio kazi safi. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anajibu akiwa na chuma chake kichwani. Wa kwanza anafikiria bamba nene la chini ya nguzo, wa pili anafikiria paipu ya mraba ya milimita 2 itakayopakwa rangi na kuwekwa mahali pa kuonekana. Nimetengeneza fremu kwa miaka mingi, za meza, za rafu, za mageti, za stendi za mashine, na kama kuna kitu ningependa kila fundi akichukue kwangu ni hiki: uzuri wa mshono kwa juu hauwezi kukuambia gesi imefanya kazi gani. Kata kiungo utazame ndani.

Tuanze na kazi ya gesi yenyewe. Chuma kikiyeyuka kinavuta oksijeni na naitrojeni za hewani, na zikishaingia mshono unajaa vitundu na unakuwa mkavu, mwepesi kupasuka. Gesi inayotoka kwenye nozeli, yaani mdomo wa tochi ya kuchomelea unayoshika mkononi, inalifunika dimbwi la chuma mpaka ligande, hewa isifike. Kama ingekuwa hiyo tu, gesi yoyote isiyoungana na chuma ingetosha na tusingekuwa na la kubishania. Lakini umeme unapita ndani ya gesi hiyohiyo. Gesi ndiyo inayoamua moto uwe mpana au mwembamba, matone ya waya yaanguke makubwa au madogo, na joto lizame au libaki juu. Ukibadilisha mtungi umebadilisha moto wenyewe, hata kama hukugusa kitufe chochote cha mashine.

Bei nayo ina sababu zake. Arigoni hutengwa kutoka kwenye hewa tunayovuta, na humo haifiki hata asilimia 1, kwa hiyo kazi ya kuipata ni kubwa. CO2 nyingi ya viwandani ni zao la pembeni la kazi nyingine, kama utengenezaji wa amonia au uchachushaji. Ndiyo maana karibu kila mahali CO2 ni rahisi kuliko arigoni. MIG ilipoanza mwaka 1948 katika taasisi ya Battelle, Marekani, ilikuwa ya aluminiamu zaidi, na gesi zake zilikuwa arigoni na heliamu. Kwa chuma cha kawaida gharama ilikuwa haishikiki. Mwaka 1953 watafiti wa Kisovieti, Lyubavskii na Novoshilov, walionyesha kwamba waya wa chuma unaweza kuchomelewa ndani ya CO2, na tangu hapo warsha za chuma zikapata njia. Nalitaja hili kwa sababu kuna mafundi wanaoidharau CO2 kana kwamba ni gesi ya asiye na uwezo. Ni gesi iliyobeba kazi nzito za chuma duniani kwa miongo mingi.

Arigoni tupu, hapana. Hili linawasumbua zaidi wanaotoka kwenye TIG, uchomeleaji ambao moto wake unatoka kwenye sindano ya tangsteni, kwa kuwa mtungi wa arigoni wanao tayari na kwenye TIG unafaa kwa chuma bila shida. Ukiufunga kwenye MIG ukachomelea chuma cha kawaida, moto unatangatanga, mshono unavimba juu bila kushika kingo, pembeni panachimbika vijifereji, na ukikikata kiungo unakuta upenyo, yaani kile kina ambacho chuma kimeyeyuka, ni mwembamba wa katikati tu, kushoto na kulia hakuna kitu. Chuma kinahitaji oksijeni kidogo ndani ya gesi ili moto utulie mahali pamoja na dimbwi litambae vizuri. Oksijeni hiyo inaletwa na CO2, au kwa michanganyiko mingine na oksijeni yenyewe ya asilimia chache. Arigoni tupu iachie aluminiamu.

CO2 tupu ina tabia ambayo ukiielewa unaacha kuilaumu. Ndani ya moto inavunjika kuwa kabonimonoksaidi na oksijeni, halafu karibu na uso wa chuma, ambako joto limepungua, vinaungana tena na kurudisha lile joto palepale juu ya bamba. Upenyo wake kwa hiyo ni wa kina na ni mpana, umbo lake ndani ya kiungo ni la mviringo, na hausamehi tu, unasaidia: ukipotea kidogo kwenye mstari bado mzizi, yaani ile kona ya ndani kabisa ya kiungo, unaukuta. Unachopoteza wewe ni utulivu. Moto wa CO2 ni mkali, unafyatua matone kila upande, na unadai volti zaidi, kwa kawaida kama 2 juu ya zile unazotumia kwenye mchanganyiko kwa kasi ileile ya waya.

Tena oksijeni inayotoka humo haikai bure. Inaunguza silikoni na manganisi zilizomo kwenye waya. Hapa ndipo aina ya waya inapohusika. Waya tunaoutumia wengi, ER70S-6, ambao kwa viwango vya Ulaya una ndugu yake G3Si1, umeongezewa vitu hivyo makusudi: manganisi ya asilimia 1.40 hadi 1.85 na silikoni ya 0.80 hadi 1.15. Kazi yake ni kuikamata oksijeni kabla haijageuka kuwa vitundu. Mabaki yake ndiyo yale madoa ya kahawia yanayong'aa juu ya mshono uliopoa. Yanaonekana madogo, hayana madhara kwa nguvu ya kiungo, lakini yakipakwa rangi juu hubanduka baadaye na rangi yake. Kwa CO2 tupu ni mengi, kwa mchanganyiko ni machache. Kwa fremu ya kupaka rangi nayatoa yote, gesi iwe ipi.

Sasa mchanganyiko. Utakutana na 75 kwa 25, 80 kwa 20, 82 kwa 18, namba ya kwanza ikiwa arigoni. Wanunuzi wanahangaika sana na tofauti hizi kuliko inavyostahili. Kiwango cha kimataifa cha gesi za kuchomelea, ISO 14175, kinaziweka zote kwenye kundi moja, M21, yaani arigoni yenye CO2 zaidi ya asilimia 15 mpaka 25. Kwa paipu ya milimita 2 na mashine ndogo, mkono wangu haujawahi kuhisi tofauti ya maana kati ya 80 kwa 20 na 82 kwa 18. Chukua inayopatikana kwa urahisi na ambayo ukiimaliza utaipata tena ileile, kwa sababu kinachokusumbua kweli ni kubadilisha mchanganyiko kila mtungi na kuanza kutafuta volti upya.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa stendi ya mashine. Miguu ilikuwa ya paipu ya mraba ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 3, na chini ya kila mguu bamba la milimita 10 lenye matundu ya bolti. Mashine yangu ya wakati huo ilikuwa inaishia kwenye ampea 200. Kiungo cha paipu na bamba ndicho kingebeba mtikisiko wote, kwa hiyo kabla ya kugusa kazi ya mteja nilikata vipande vya bamba lilelile nikavipanga kwa umbo la T, nikavichomelea upande mmoja tu. Cha kwanza kwa 82 kwa 18, cha pili kwa CO2 tupu, waya wa milimita 1.0 kote kuwili, na kila kimoja nikakiwekea volti zake zinazokifaa.

Kwa juu hapakuwa na ushindani. Mshono wa mchanganyiko ulikuwa umelala vizuri, kingo laini, pembeni safi. Kijana aliyekuwa ananisaidia aliupapasa kwa glavu akasema, "Fundi, hapa hata grainda haina kazi." Ule wa CO2 ulikuwa umeinuka kidogo, mawimbi makubwa, na bamba lote limetapakaa vijidonge vya chuma.

Nikabana kipande cha kwanza kwenye jiliwa, nikakipiga nyundo kukilaza kuelekea upande wa mshono ili mzizi ufunguke. Mapigo machache kikaachia. Nikamwita kijana asogee. Kwenye bamba la chini, chini ya ule mshono mzuri, michirizi ya grainda niliyoisafishia bado ilikuwepo, imenyooka, inang'aa, vilevile kama kabla ya kuchomelea. Chuma cha waya kilikuwa kimemwagika juu yake na kugandia hapo bila bamba kuyeyuka. Kile cha CO2 kilipinda mpaka kikalala, na nilipokilazimisha kiachie kilichanika katikati ya mshono wenyewe, uso wa kijivu wenye chembechembe, na bamba limeng'oka pamoja nao kwenye mzizi.

Wengi nikiwaeleza hili wanaondoka wakisema mchanganyiko haushiki. Sivyo. Kwa ampea hizo waya unafanya kazi kwa kugusa dimbwi na kukatika, mara nyingi sana kwa sekunde, na kila unapogusa moto unazimika kidogo. Joto linalofika ni la kiasi. Kwa paipu ndicho tunachotaka. Kwa bamba la milimita 10, ambalo linanyonya joto kuliko unavyolileta, halitoshi, na mchanganyiko unatambaa kirahisi kiasi kwamba unafunika ukosefu huo kwa mshono wa kupendeza. CO2 iliongeza joto kidogo mahali palepale pa mzizi, ikatosha kuvuka mpaka. Ningekuwa na mashine kubwa na waya wa 1.2, nikaipeleka kwenye ampea 250 hadi 300, mchanganyiko huohuo ungenyunyiza matone madogo mfululizo bila kuzimika na ungezama bila wasiwasi. Na hata kwa mashine ndogo zipo njia: kuchonga ukingo wa kiungo, kulipasha bamba moto kwanza, kuchomelea kwa kupanda badala ya kushuka kwenye mshono wa wima. Gesi ni mojawapo ya njia hizo, na ndiyo niliyokuwa nayo mkononi.

Kwenye paipu nyembamba mambo yaligeuka. Nilichukua kona za paipu ya milimita 2, nikazichomelea kwa gesi zote mbili, nikazikata katikati kwa msumeno wa chuma, nikazisugua kwa tupa halafu msasa laini mpaka zikang'aa. Sehemu ambayo haikuyeyuka utaiona kwa macho kama mstari mweusi mwembamba unaoingia kwenye mzizi, bila hata kuhitaji asidi. Hakuna kona iliyokuwa na mstari huo, si ya CO2 wala ya mchanganyiko. Upenyo wa ziada wa CO2 pale ulikuwa hauna pa kwenda. Ulichofanya ni kutoboa kila palipokuwa na mwanya wa kukata vibaya, na kuvuta fremu zaidi ilipopoa. Mchanganyiko ulijaza mianya ileile kwa utulivu. Kwa fremu nyembamba, basi, hoja ya kwamba CO2 inashika zaidi haina uzito. Vyote vimeyeyuka, huwezi kuyeyusha kupita hapo.

Halafu kuna muda wa kusafisha. Niliwahi kuweka daftari mezani nikawa naandika muda wa kuchomelea na muda wa grainda kwa kila fremu. Upande wa CO2, kwenye fremu za kupaka rangi, muda wa kusafisha ulikuwa unakaribia ule wa kuchomelea. Matone mengine unayang'oa kwa patasi, lakini yale yaliyoangukia kwenye paipu yakiwa ya moto sana yamejichomelea, na kuyaondoa ni kusaga. Kila unaposaga unapunguza ukuta wa paipu ambayo tayari ni nyembamba, na unaacha mikwaruzo ambayo rangi ya kung'aa inaianika badala ya kuificha. Ukijumlisha diski za grainda, umeme na mikono ya mtu, tofauti ya bei ya mitungi inapungua haraka, mara nyingine inageuka kabisa. Hesabu yangu naifanya kwa fremu iliyokamilika, iliyopakwa rangi, sio kwa mtungi.

Kama una CO2 tu, usikate tamaa. Punguza urefu wa waya unaotoka kwenye ncha uwe karibu milimita 10, weka volti mpaka sauti iwe mkwaruzo wa haraka usiokatika, na kama mashine ina kirekebishi cha indaktansi, kinachopunguza kasi ya umeme kupanda waya unapogusa chuma, kiongeze, matone yatapungua waziwazi. Paka dawa ya kuzuia matone kushika kabla ya kuanza. Kazi safi inawezekana, inadai mkono tu.

Michanganyiko yenye CO2 kidogo zaidi, 90 kwa 10 au 95 kwa 5, inasifiwa kwa usafi na inastahili, lakini mahali pake ni kwenye mashine zenye nguvu zinazonyunyiza, juu ya chuma kilichosafishwa. Kwa kutu na lile gamba jeusi la kiwandani haina uvumilivu. Mimi kwa fremu siichukui. Ya chuma kisichoshika kutu ni habari nyingine kabisa, huko CO2 inatakiwa iwe kama asilimia 2 tu, la sivyo kaboni inaingia na uwezo wa chuma hicho kupinga kutu unapungua.

Uamuzi wangu kwa mtu anayeanza na mtungi mmoja unategemea chuma chake. Akitengeneza fremu za milimita 1.5 mpaka 4 na anazipaka rangi, namwambia achukue mchanganyiko wa kundi hilo la 80 kwa 20, na akipata bamba nene achonge ukingo na kulipasha moto. Akiwa na kazi nyingi za milimita 6 na kuendelea, miguu mizito, chuma chenye kutu ambacho hakisafishiki mpaka mwisho, na mashine yake si kubwa, CO2 itamtumikia vizuri zaidi. Mimi nina yote miwili. Naanza na fremu nzima kwa mchanganyiko, mwishoni nahamia CO2 kwa mabamba ya chini na bawaba nzito.

Sasa kuna jambo ambalo linanihuzunisha, kwa sababu limewafanya watu wengi kurudisha mitungi mizima iliyokuwa haina kosa. Vitundu vikitokea, lawama ya kwanza inakwenda kwa gesi. Katika niliyoyaona, gesi yenyewe kuwa mbovu ni nadra sana. Upepo ndio mkosaji mkubwa. Upepo wa mita 2 tu kwa sekunde, ambao usoni unauhisi kama hewa inayoburudisha, unatosha kulivunja funiko la gesi. Feni uliyoielekeza mezani kwa ajili ya joto ni hatari vilevile. Baada ya upepo tazama nozeli. Matone yakijaa ndani yake gesi inatoka upande mmoja. Kisha mpira na viunganishi vyake: pakaza povu la sabuni ukiwa umefungua mtungi, palipotoboka patachemka. Pia usiinamishe tochi mno. Ikilala sana, gesi inayotoka kwa kasi inavuta hewa kutoka nyuma na kuichanganya.

Na usidhani kuongeza gesi ni dawa. Kwa waya wa 0.8 au 1.0 ndani ya warsha naweka lita 10 mpaka 15 kwa dakika. Nimekuta mafundi wameifungua mpaka 25 na zaidi kwa nozeli ndogo, wakipambana na vitundu, na vitundu vinaongezeka. Gesi ikitoka kwa kasi kupita kiasi inazunguka vurugu na kuiburuta hewa ndani ya funiko lenyewe. Nilipowapunguzia, mshono ukafunga. Kama geji yako ni ile ya kigololi kinachoelea kwenye kijibomba, hakikisha unasoma upande wa gesi uliyofunga, maana CO2 ni nzito kuliko arigoni na kigololi hakipandi sawa.

Mtungi wa CO2 una mambo yake yanayowachanganya wengi. Ndani kuna kimiminika, na gesi inayochemka juu yake inakaa kwenye shinikizo la karibu bar 57 ikiwa joto ni nyuzi 20. Unatumia, unatumia, geji haishuki. Kijana wangu aliwahi kuniambia mtungi ule "hauishi", na siku ya pili yake ukaisha katikati ya mshono. Geji inaanza kushuka pale kimiminika kinapokwisha, na hapo umebakiwa na kidogo sana. Jua likiupiga mtungi geji inapanda ingawa gesi ni ileile. Njia ya kujua ni kuupima uzito na kutoa uzito wa mtungi mtupu, ambao umegongwa shingoni. Kilo moja ya CO2 inatoa lita kama 540 za gesi, hivyo kilo 20 ni karibu lita 10,800. Mchanganyiko wa arigoni ni gesi iliyobanwa tu, geji yake inakuambia ukweli: mtungi wa lita 50 kwenye bar 200 una takriban lita 10,000, na kwa lita 12 kwa dakika ni kama saa 14 za moto unaowaka kweli. Ukiwa unapanga kazi kubwa, hesabu hiyo ifanye kabla ya kuanza.

CO2 pia inapoa sana inapogeuka kutoka kimiminika kuwa gesi. Ukichomelea mfululizo kwa mtiririko mkubwa, regulata, kile kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi ya mtungi, inaota barafu, mtiririko unayumba, na vitundu vinatokea bila upepo wala uchafu. Zipo regulata zenye kipasha joto cha umeme, nazo zinafaa kwa kazi ndefu. Kwa fremu, unapobadilisha kiungo kila baada ya dakika, tatizo hili ni dogo. Mtungi usimame wima siku zote, umefungwa kwa mnyororo. Ukilala, kimiminika kinaingia kwenye regulata.

Kuhusu paipu zilizopakwa zinki, hakuna gesi inayokuokoa. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo zinki lazima igeuke mvuke ndani ya dimbwi kabla chuma hakijawa tayari. Utapata vitundu, matone, na moshi mweupe ambao jioni unaleta homa, baridi na maumivu ya viungo. Isage zinki pembeni mwa kiungo, ndani na nje unapofika, vaa kinga ya pumzi inayofaa, na upake rangi ya zinki baada ya kazi.

Hewa ya kupumua naisisitiza kwa gesi zote mbili. Arigoni na CO2 ni nzito kuliko hewa. Ndani ya shimo, tangi au chumba kilichofungwa zinajaa kutoka chini na kuisukuma hewa nje, na arigoni haina harufu wala haikuwashi, mtu anaanguka bila onyo. Moto wa CO2 unaongeza na kabonimonoksaidi. Ninapochomelea fremu ndani ya sehemu iliyobana nataka hewa inayoingia na kutoka, na mtu nje anayenitazama. Tukipumzika, mtungi unafungwa na tochi inatoka nje pamoja nami.

Kwa kazi ya nje kwenye upepo usiozuilika, gesi zote naziacha. Nafunga waya wenye dawa ndani yake unaojifunika wenyewe, nabadilisha nguzo za umeme ili tochi iwe hasi, kwa kuwa nyaya nyingi za aina hiyo ndivyo zinavyotaka, na nakubali kugonga maganda baada ya kila mshono. Kuzungusha turubai mahali pa kazi kunafaa ikiwa mishono ni michache, kwa geti zima ni kujichosha.

Ninapohama kutoka CO2 kwenda mchanganyiko, nafungua mtungi kidogo kwanza nipulize vumbi la mdomoni, kisha nafunga regulata inayolingana nao, nabonyeza tochi waya ukiwa umelegezwa ili gesi ya zamani itoke kwenye mpira. Nashusha volti 2, nachomelea kwenye mabaki ya paipu ileile yenye unene uleule, nakata, natazama mzizi. Kama kingo zimeshika na mzizi umefunga, naandika volti na kasi ya waya kwa chaki kwenye ubavu wa mashine, chini ya jina la gesi, ndipo fremu ya mteja inapanda mezani.